Duara Jeupe Kichwani mwa Mwalimu Masanja

Shikamoo zenu nimezipata, wanangu. Marahaba. Barua yenu, ninyi wanafunzi wa kupiga picha za hospitali, ya kuniomba niwaandikie yale niliyojifunza kazini nimeisoma mara mbili, nimekaa kibarazani kwangu hapa Buswelu, miguu imeinuliwa juu ya ndoo kwa sababu ya magoti. Niwaambie mapema msije mkanilaumu. Nimepiga picha za ndani ya miili ya watu kwa zaidi ya miaka thelathini, tangu enzi za filamu tulizokuwa tunazianika kama nguo mpaka hizi za kompyuta, na nimestaafu nikiwa nimechanganyikiwa kuliko siku niliyoanza. Nilipoanza nilijua kila kitu. Wenzangu walisema ni kwa sababu mimi ni Mhaya, na sikuwabishia.

Mkumbuke kwamba mimi sikuwa daktari. Kazi yangu ilikuwa kumlaza mgonjwa, kumtuliza, kupiga picha safi na kuipeleka kwa daktari wa kusoma picha. Kusoma haikuwa kazi yangu. Lakini ukikaa mbele ya ile skrini miaka mingi, macho yanajifunza yenyewe, na bahati mbaya yangu ni kwamba mdomo wangu haujui kukaa nyuma ya macho. Karibu kila kosa ninalolijutia lilipitia hapo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Odhiambo, Mjaluo wa Shirati, mrefu, mkali, asiyependa kelele. Zamani hizo filamu ilisafishwa kwenye chumba cha giza, ikaogeshwa dawa, halafu ikaning'inizwa ikauke. Siku moja wale wadudu wa ziwani walikuja kwa wingi, mnawajua, wale wanaozunguka taa mpaka unashindwa kufungua kinywa. Mimi kwa uvivu nilikuwa nimeacha dirisha la chumba cha kukaushia wazi. Kesho yake daktari akamwandikia dereva mmoja wa lori kwamba ana doa kwenye pafu la kulia. Yule baba wa watu akampigia kaka yake Geita aje haraka waongee habari za watoto. Mzee Odhiambo akaichukua ile filamu, akaisogeza kwenye mwanga, akakwangua kwa kucha. Doa likatoka. Lilikuwa na mabawa.

Hakunigombeza. Alimfunga yule mdudu kwenye kipande cha karatasi, akanipa, akaniambia nitembee naye mfukoni wiki nzima. Nilitembea naye. Nikajiona nimeshafuzu, maana niliamini kwamba picha ikidanganya, lazima pana mdudu mahali, na ukitafuta kwa bidii utamkwangua. Waitu, jamani, ningejua kwamba kuna picha zinazokudanganya zikiwa safi kabisa, ningeomba kazi nyingine.

Sasa niwaeleze hili duara jeupe, maana mliniuliza ni kitu gani kilichonisumbua kuliko vyote.

Mtu akiwa na uvimbe mbaya kwenye ubongo anapasuliwa, wanatoa kiasi wanachoweza, halafu anapigwa mionzi wiki kadhaa ili mabaki yafe. Baadaye tunamrudisha kwenye MRI, ile mashine ya sumaku, tunamchoma mshipani ile dawa ya kung'arisha, tunapiga. Mara nyingi pale palipotolewa uvimbe panang'aa duara jeupe. Hapo ndipo akili inapokwama. Uvimbe ukirudi, unang'aa. Na ubongo uliounguzwa na mionzi, ambao hauna uvimbe wowote, nao unang'aa, unavimba, unasukuma sehemu za jirani, unamfanya mgonjwa ashikwe na kifafa vilevile. Kimoja ni ugonjwa umerudi. Kingine ni kidonda cha dawa tuliyompa sisi wenyewe. Ugonjwa unataka kisu au dawa nyingine, na upesi. Kidonda kinataka subira na vidonge vya kupunguza kuvimba. Ukikosea upande huu, umemwacha mtu afe huku unamwambia asubiri. Ukikosea upande ule, umefungua fuvu la mtu ambaye hakuwa na kitu cha kutolewa.

Mara ya kwanza nilipoelewa jambo hili nilikwenda kwa Daktari Ndaro, ambaye ndiye alikuwa anasoma picha zetu. Ni Mjita, kijana wa kuweza kuwa mwanangu, mpole mpaka inaudhi. Nikamuuliza, "Sasa daktari, unatofautishaje?"

Akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena. "Siku nyingine natofautisha, Mama Koku. Siku nyingine nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Picha inayofuata."

Nilirudi kwenye mashine yangu nimekasirika. Nilidhani kijana hajasoma vizuri.

Mwalimu Masanja alikuwa anafundisha darasa la kwanza kule Kisesa. Mnajua walimu wa kiume wanavyolikimbia darasa la kwanza. Yeye alikuwa ameliomba mwenyewe, na kila mwaka akikabidhiwa la tano anakataa. Alitolewa uvimbe upande wa kushoto wa kichwa, karibu kabisa na mahali ubongo unapotengenezea maneno, akapigwa mionzi. Mkewe, Minza, ndiye aliyekuwa anamleta. Mwanamke mfupi, mchapakazi, muuza dagaa, ambaye kila akiingia ananisalimu kwa kupiga goti kabisa kama Wasukuma wa zamani, "Shikamoo mayu," yaani shikamoo mama kwa Kisukuma, mpaka naona aibu mbele ya watu.

Picha ya kwanza baada ya mionzi ilionyesha duara jembamba, la kawaida. Ndiyo ile ninyi mnaiita picha ya msingi, na naomba muipende kuliko watoto wenu, maana zote zinazofuata zitapimwa kwake. Miezi michache mbele maumivu ya kichwa yakamrudia, madaktari wakamwanzishia vidonge vya steroidi, vile vya kupunguza kuvimba, na alipokuwa amevimeza kwa wiki kadhaa akaja kwa picha ya pili.

Siku hiyo alinipa kazi. Mnajua kile kizimba cha plastiki tunachofunikia kichwa, na zile sifongo tunazoshindilia pembeni ili kichwa kisicheze. Mwalimu alikuwa amejaa mashavu, uso umekuwa duara, ngozi inang'aa. Nilijaribu kuingiza sifongo, haikuingia. Nikajaribu ile nyembamba, nayo ikagoma. Nikamwambia, "Mwalimu, Minza anakulisha nini?" Akacheka mpaka kizimba kikatikisika. Nikampiga picha bila sifongo hata moja, nikamsihi asicheze, na alitulia kama mtu aliyezoea kuwaambia wengine watulie.

Duara lilikuwa limekonda. Nililiona mwenyewe kwenye skrini, halihitaji shahada. Sasa, wanangu, sikilizeni nilichofanya.

Minza alikuwa amesimama koridoni, kitenge amekishika kwa mikono miwili. "Mayu, umeonaje?"

Jibu sahihi nililijua. Nimewafundisha wanafunzi wengi jibu hilo: daktari atasoma, atakuandikia, utaambiwa kliniki. Badala yake nikamgusa bega, nikasema, "Mwanangu, nenda ukapike. Lile duara linaisha."

Alilia pale pale kwa furaha. Na mimi nilifurahi. Niliondoka pale najiona mtu mwema sana, na jioni nilimsimulia mume wangu.

Picha ya tatu alikuja baada ya wiki saba hivi, na siyo kwa tarehe ya kliniki, aliletwa. Mkono wa kulia ulikuwa mzito. Maneno yalikuwa yanamkwepa. Alitaka kuniomba maji, akasema "ile, ile ya kunywa," akaishia kuonyesha kwa kidole. Nilimlaza, nikashindilia sifongo, nikapiga. Duara lilikuwa limefura, limeota pembe, limesukuma ubongo upande wa pili.

Daktari Ndaro aliziweka picha tatu pamoja, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jembamba, limekonda, limefura. Akaanza kuandika ripoti. Hadithi ilikuwa inajisoma yenyewe: dawa ilisaidia kidogo, sasa ugonjwa umerudi kwa nguvu. Daktari wa upasuaji hakuhitaji kubembelezwa. Akapanga Alhamisi. Alimweleza Minza bila kumficha kwamba pale wanapokwenda kukata ni jirani na maneno, na kwamba mwalimu anaweza kuamka hai lakini asizungumze tena. Minza akasaini kwa herufi za kuchonga, moja moja, zile alizofundishwa na mumewe.

Mgonjwa wangu aliyefuata baada ya Mwalimu, mchana wa siku ile, alikuwa mzee mmoja mnene wa Misungwi, shingo yote imekaa mabegani. Ilibidi nitoe sifongo zote kwenye kizimba ndipo kichwa kiingie. Nikazitoa, mbili kulia, mbili kushoto. Nikabaki nimezishika mkononi. Yule mzee akaniuliza kama mashine imeharibika.

Nne. Mwalimu nilikuwa nimemshindilia sifongo nne, na zikakaa. Mara iliyopita haikuingia hata moja.

Mashavu yalikuwa yamekwenda wapi? Mtu anaweza kukonda kwa ugonjwa, ndiyo. Lakini mwili wake ulikuwa uleule, tumbo lilelile. Uso tu ndio ulikuwa umenywea. Nilimaliza kumpiga mzee picha, sijui kwa akili ipi, nikatoka mbio na magoti haya haya kumtafuta Minza. Nilimkuta kwenye benchi nje ya famasi.

"Mwanangu, vile vidonge vyeupe, vidogo, vya steroidi. Anameza vingapi?"

Akaniangalia kama ninamtega. "Vipi, mayu?"

"Vile vilivyomjaza mashavu."

"Aa, vile." Akashusha sauti. "Vile nilimwachisha."

"Lini?"

"Tulipotoka hapa mara ile. Alikuwa amenenepa vizuri, majirani wote wanasema Masanja amepona, amenawiri. Na wewe mayu si ulisema linaisha? Nikasema basi, mtu akishapona, dawa ya nini? Vilivyobaki nimemwekea kabatini, sikuvitupa."

Yesu wangu. Kwetu sisi mtu akinenepa tunampongeza. Nani angemwambia yule mama kwamba unene ule ni wa vidonge, na kwamba vidonge vile havikatwi ghafla, vinapunguzwa polepole kwa kuambiwa? Kliniki walimwambia, nina hakika. Lakini walimwambia kwa haraka, wakiandika, na mimi nilimwambia polepole, nimemshika bega. Angemsikiliza nani?

Sasa fikirini nilivyochanganyikiwa. Vidonge vile vinakausha maji ya ubongo na kuzuia dawa ya kung'arisha isivuje, kwa hiyo picha ya pili haikuonyesha duara linapona. Ilionyesha duara likiwa limefunikwa. Na picha ya tatu haikuwa lazima uvimbe umekua. Huenda ilikuwa duara lilelile limefunuliwa. Au uvimbe umekua kweli, na vidonge havihusiki. Picha zilikuwa safi, mashine ileile, kipimo kilekile, na hakuna mahali palipoandikwa nani anameza nini. Kwenye fomu yangu ile nafasi ya dawa niliiacha wazi mara zote tatu.

Ilinibidi nipande ngazi kwenda kwa Daktari Ndaro. Ningeweza kumwambia habari ya vidonge tu, nikaacha ya koridoni. Nilifikiria hivyo mpaka nikafika mlangoni. Halafu nikamwambia yote, na nikalia, mtu mzima.

Hakupandisha sauti. Angefoka ningejisikia nafuu. Aliniambia tu, "Mama Koku, nilikuwa nimeshaiandika ripoti." Akaifungua kwenye kompyuta, akaifuta mstari kwa mstari huku nimesimama pale, kisha akampigia simu daktari wa upasuaji.

Yule naye alikuja akiwa amevimba kwa hasira, na haki alikuwa nayo. "Kwa hiyo mnaniambia siyo ugonjwa?"

"Sijasema hivyo," Ndaro akajibu. "Nasema sijui."

"Asubuhi ulijua."

"Asubuhi nilikuwa na habari pungufu."

Walikubaliana Alhamisi ipite. Mwalimu arudishiwe vidonge kwa kipimo, chini ya usimamizi wa nesi, halafu baada ya wiki tatu apigwe picha ya nne, na safari hii tupige ile ya mtiririko wa damu pia. Kwa wale ambao hamjafika hapo kwenye masomo: uvimbe hai unapenda damu, unajivutia mishipa. Kidonda kilichokufa hakina haja nayo. Kwa hiyo unafuata dawa ya kung'arisha inavyopita, sekunde kwa sekunde, unaona wapi damu inakimbilia na wapi inapita mbali. Nilikuwa na imani kubwa na picha ile. Nilisema moyoni, hii sasa itamaliza ubishi.

Wiki tatu zile sikulala vizuri. Nilikuwa nakasirika hovyo. Nikimwona Minza anakuja na kikapu natamani nijifiche kwenye chumba cha mitungi, na yeye ananipigia goti vilevile, ananiletea dagaa. Nilimwambia kosa lilikuwa langu. Akasema, "Hapana mayu, nilitaka kusikia vile." Sikujua kama amenisamehe au ameniambia ukweli kuhusu yeye mwenyewe. Mpaka leo sijui.

Siku ya picha ya nne mashavu yalikuwa yamerudi, sifongo mbili tu zikaingia. Maneno nayo yalikuwa yamerudi kiasi. Nilipiga kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia. Duara lilikuwa limepungua. Na picha ya damu, Daktari Ndaro alipoifungua, ilikuwa giza karibu pote. Giza zuri, la kidonda. Nilianza kumshukuru Mungu kimoyomoyo.

Halafu akasogeza kishale kwenye ukingo wa nyuma. Pale palikuwa na alama inayowaka, ndogo kama punje ya mtama.

"Hiyo nini?" nikamuuliza.

"Inaweza kuwa uvimbe hai katikati ya kidonda. Mara nyingi vinakaa pamoja. Inaweza kuwa mshipa wa kawaida unapita. Na kupungua kwa duara hakutuambii kitu, maana vidonge vinapunguza vyote viwili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui, Mama Koku. Lakini sasa najua ni kitu gani sikijui, asubuhi ile sikujua hata hicho."

Nilitaka kumrushia kiti. Mashine nzima ile, inayojaza chumba, watu wamevuka ziwa kuja kuifuata, halafu inatupa punje ya mtama.

Daktari wa upasuaji aliiangalia, akakuna kidevu, akasema yeye hawezi kumfungulia mtu kichwa kwa sababu ya "sijui," lakini pia hawezi kumwambia aende nyumbani akalale usingizi mtulivu. Akamwita Mwalimu na mkewe, akawaeleza njia zote mbili. Tukate sasa tuone, na maneno tuyaweke rehani. Au tusubiri, picha kila baada ya wiki nane, na kama ni uvimbe tutakuwa tumeupa nafasi. Mimi nilikuwa nimeitwa kwa sababu Minza aliomba niwepo. Nilikaa pembeni, mdomo nimeubana kwa mkono.

Mwalimu alijibu mwenyewe. Maneno yalimtoka moja moja, kila moja akilitafuta. "Nina watoto sitini. Wamefika... wamefika kwenye 'nya, nye, nyi.' Mkinifungua leo, maneno yakibaki mezani, hao nani ata..." Akakwama. Minza akafungua mdomo kumsaidia, Mwalimu akamzuia kwa mkono, akalitafuta neno mpaka akalipata. "Nani atawamalizia. Tusubiri."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Nimewaeleza yote haya kwa sababu najua mtaniuliza, ilikuwa nini? Na mimi ningependa kuwajibu. Picha ya tano ilipigwa, ya sita ikapigwa. Punje ipo. Haijakua, haijaondoka. Ndaro anasema kutobadilika ni dalili njema, na anaposema hivyo anafuta miwani. Mimi nilistaafu kabla ya ya saba. Niliwaachia wenzangu kwenye kizimba kile karatasi niliyoibandika kwa gundi, imeandikwa kwa mkono: muulize amemaliza lini mionzi, anameza nini, na nani anayempa. Wakikuta nafasi ya dawa iko wazi kwenye fomu, wasimlaze mgonjwa. Wananiona mzee msumbufu. Sawa.

Na uso wenu muufundishe. Mgonjwa anapotoka kwenye mashine hasomi skrini, anakusoma wewe. Wengine wanadhani nawaambia muwe baridi. Hapana. Mshikeni mkono, mleteeni kiti, muulizeni amekula nini. Ila msimpe neno ambalo hamnalo, hata kama analiomba kwa machozi. Ni vigumu. Mimi lilinishinda nikiwa na uzoefu wa miaka mingi kuliko umri wenu.

Wiki iliyopita Minza alinipigia simu. "Shikamoo mayu. Nakuomba uje Kisesa. Naona maneno yanampungua tena, yeye anakataa. Kliniki bado wiki tatu. Wewe ndiye uliyejua habari za mashavu. Njoo umsikilize tu."

Nilimwambia mimi napiga picha, sisikilizi watu. Nikavaa viatu.

Mwalimu mkuu aliniruhusu nikae nyuma ya darasa, kwenye dawati ambalo magoti hayakuingia, nikakaa upande. Minza alibaki nje, dirishani, anajifanya anasubiri kivuli. Mwalimu Masanja alisimama mbele, mashavu ya kawaida, shati jeupe. Watoto sitini, labda zaidi. Mnajua darasa la kwanza linavyofundishwa: mwalimu anaacha sentensi njiani, watoto wanaimalizia kwa pamoja. Hii ni kalaaa... mu! Huu ni ubaaa... o! Kila sentensi iko hivyo.

Nilikuwa nimekuja na daftari niandike kila neno atakalolikosa. Baada ya dakika tano nikaliweka chini. Kila sentensi ilikuwa inakatika. Anasema "Hiki ni..." anatulia, anawaangalia, wao wanapiga kelele, "Dirisha!" "Huyu ni..." "Ng'ombe!" Kutulia kwake mara kulikuwa kufupi, mara kurefu. Ninawezaje kujua? Sikuwahi kumsikia akifundisha kabla hajaugua. Sikuwa na picha ya kwanza ya kulinganishia. Nilimtazama macho, mikono, mdomo, nikitumia kila kitu nilichojifunza maisha yangu yote, na mwalimu anayeuliza na mtu aliyepotelewa na neno walikuwa na sura ileile.

Akaja kwenye sehemu za mwili. Mkono, wakaitikia. Sikio, wakaitikia. Kisha akainua mkono wa kulia, ule uliokuwa mzito, akauweka kwenye kovu, juu ya sikio la kushoto.

"Na hiki," akasema, "hiki ni..."

Akatulia. Watoto nao, kwa mara ya kwanza, walichelewa, kwa sababu walikuwa wanaliangalia kovu. Niliona midomo yake ikisogea. Niliona Minza ameshika nondo za dirisha. Alikuwa anawasubiri, au alikuwa analitafuta? Sekunde zikapita, na hakuna mtu aliyesema kitu, na mimi sikuweza kuvumilia, nikajikuta nimesimama wima nyuma ya darasa, daftari limeanguka, ninapiga kelele:

"Kichwa!"

Watoto wote wakageuka. Mwalimu Masanja aliniangalia, mkono bado uko kwenye kovu, na uso wake ukalegea, sijui kwa kicheko, sijui kwa nini.

"Vizuri sana, Mama Koku," akasema. "Kaa chini."